TAHADHARI: Mzee anayeuza biashara "inayojiendesha yenyewe"

Jamani, nimeingizwa mjini. Ndiyo, mimi, karani wa hesabu wa miaka tisa. Chekeni, mkimaliza mnisikilize.

Nimenunua duka la kutoa kopi. Jina la muuzaji silitaji, wakili kanikataza. Kabla sijanunua, Jumamosi moja aliniita saa nne asubuhi. Nikakuta foleni hadi mlangoni, watu wameshika vyeti na barua, mashine inanguruma, kijana wa kaunta hana hata nafasi ya kuitikia salamu. Mzee akanivutia kiti, akafungua daftari la mauzo, kidole kikawa kinashuka mstari kwa mstari: kopi 3,000 kwa siku, miaka miwili mfululizo. Kisha akalifunga, akaninong'oneza: "Sitaki kukudanganya mwanangu, mwezi wa nne huwa inalala."

Hapo ndipo aliponimaliza. Mtu anayekutajia mwenyewe ubaya wa mali yake, utamshuku kwa lipi? Taarifa za benki nikaona aibu kuziomba. Mtu mzima, anaumwa mgongo, anauza akapumzike, nianze kumpekua kama kibaka!

Wiki ya kwanza wateja hawakuzidi kumi na mmoja kwa siku. Nikasema labda ni msimu. Wiki ya tatu akaja fundi, akabonyeza vitufe viwili kwenye mashine, ikatokea namba: kopi 412,000 tangu itoke kiwandani. Yeye akaendelea kufuta vumbi. Mimi nikakaa juu ya boksi la karatasi nikipiga hesabu. Kopi 3,000 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, miaka miwili: 1,800,000. Nikalifungua daftari upya. Miaka miwili yote wino mmoja wa bluu, mwandiko umenyooka, hakuna ukurasa hata mmoja wenye alama ya kidole. Aliliandika kwa mkao mmoja! Na ile foleni, kijana wa kaunta amekuja kukiri, ni wapangaji wake mzee.

Nikaenda kwa wakili nikitaka jambo moja tu, alale ndani. Akasema polisi nenda, lakini kwenye jinai lazima ithibitike kwamba alikusudia, na akifungwa haina maana hela yako imerudi. Hela inafuatwa kwa kesi ya madai. Kwa sheria za nchi nyingi, ukisaini kwa sababu ya taarifa za uongo unaweza kuomba mkataba ubatilishwe, urudishe duka nawe urudishiwe chako, au ubaki nalo udai fidia. Ila hiyo ya kubatilisha unaweza kuipoteza ukishaujua ukweli halafu ukaendelea kama mwenye mali. Na mimi nilishaujua, nikapaka rangi duka zima. Eti nitalifufua! Wakili alifumba macho.

Kile kifungu cha mkataba cha "limeuzwa kama lilivyo" wakili kasema mara nyingi hakimkingi aliyedanganya makusudi. Malipo ya mwisho ninayodaiwa nisiyagomee kimyakimya, nisije nikageuka mimi ndiye mvunja mkataba. Barua ya madai itangulie. Daftari, meseji zake na picha ya ile namba nivitunze. Na kesi hizi zina ukomo wa muda, kwa hiyo hakuna kulala.

Dalili zilikuwepo. Kila siku "kuna mwingine anakuja Jumatatu". Ritani za kodi "ziko kwa mhasibu", hadi leo ziko huko. Nikitaka kushinda dukani siku ya kazi, mgongo unamzidi. Nyingine hata sikumbuki, nikiwaza nachemka tu. Afilisiwe, afungwe, na lile daftari alale nalo kama mto!

Sasa nasikia anauza biashara ya kufua nguo. Akikuita Jumamosi saa nne, wewe nenda Jumanne bila kumwambia.