Nasser Road kwa maonyesho ya picha za taka: agiza karatasi, kataa fleksi

Kijana aliyepiga picha za chupa zilizoziba mfereji wa Nakivubo akifika Nasser Road, mtaa wa wachapaji jijini Kampala, na simu mkononi, swali la kwanza atakaloulizwa kabla hajafika mlangoni ni kama anataka bango. Bango kwa lugha ya pale ni fleksi, yaani turubai la PVC. Picha ya plastiki inachapwa juu ya plastiki, inatundikwa siku mbili, kisha inageuka paa la kibanda cha mahindi ya kuchoma au inateketezwa nyuma ya shule. PVC ina klorini, na ikiungua kwenye moto mdogo wa jalala hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni pamoja na dioksini. Hiyo ndiyo dosari kubwa ya huduma ya mtaa huu kwa kazi ya aina hii. Lawama si ya wachapaji peke yao: fleksi ni ya haraka, haiogopi mvua, na wateja wao wa kila siku ni wanasiasa na wahubiri wa mikutano ya injili.

Hata hivyo, anayejua cha kuagiza hapati jijini Kampala mahali panapofaa kuliko hapa. Mashine, karatasi, ukataji na mafundi vyote viko ndani ya mwendo wa dakika tano, na kazi ya asubuhi unaweza kuondoka nayo jioni. Mpango wa kimataifa wa Young Reporters for the Environment, yaani wanahabari vijana wa mazingira, huwapa vijana hatua nne: kuchunguza tatizo la mahali walipo, kutafuta suluhisho, kuandaa ripoti, na kuifikisha kwa watu wa papo hapo. Hiyo ya nne ndiyo hulegea. Picha ikibaki kwenye simu, mchuuzi wa soko la Owino anayetupa kaveera, yaani mfuko wa plastiki, mferejini haioni kamwe.

Agizo zuri ni hili: karatasi ya uzito wa gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba, saizi ya A3, mashine ya dijitali ya leza, bila laminesheni. Karatasi ya gramu 130, ambayo utapewa usipotaja uzito, hujikunja pembe siku ya pili kwa unyevu wa Kampala. Laminesheni itasifiwa sana dukani, lakini ni utando wa plastiki unaoifanya karatasi isirejelezeke, na juu ya hayo hung'aa mchana hadi picha haionekani. Omba karatasi isiyong'aa. Ubao mwepesi mweupe wa kubandikia picha nao uukatae, maana ndani yake ni povu la polistirini, lile lile linaloelea Ghuba ya Murchison katika Ziwa Victoria. Tukubali pia kwamba hata unga wa wino wa leza una resini ya plastiki. Ni kidogo mno ukilinganisha na mita moja ya fleksi, na una faida yake: haumwagiki ukilowa. Wino wa maji wa printa ndogo za studio hutiririka kwa tone la kwanza la mvua.

Kazi nyingi huharibikia kwenye faili, kabla mashine haijaguswa. Simu ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000. Kwenye A3, yenye upande mrefu wa milimita 420, hiyo ni kama nukta 240 kwa inchi, na inatosha kabisa. Kwenye A2 zinashuka hadi 170 hivi, ambazo mtazamaji aliyesimama hatua mbili hazimsumbui. Sasa mtumie mchapaji picha hiyo hiyo kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida: upande mrefu hushuka hadi karibu pikseli 1600, nukta hazifiki 100, na maandishi ya kwenye chupa, ambayo pengine ndiyo ushahidi wenyewe, yanakuwa ukungu. Itume kama dokumenti, au uibebe kwenye flashi. Flashi za pale hupita kompyuta nyingi kwa siku, kwa hiyo usiweke kitu kingine humo, na uisafishe virusi kabla ya kuirudisha kwenye mashine ya shule.

Umbo nalo lina mtego wake. Picha ya simu ni nne kwa tatu, A3 ni nyembamba zaidi kidogo. Fundi mwenye haraka huivuta ijae ukurasa, na chupa zinanenepa. Ikate mwenyewe iwe pikseli 4000 kwa 2828, au, bora zaidi, iache na ukingo mweupe. Ukingo wa sentimita mbili unaokoa mengi: vibanio vinashika hapo, na kisu cha kukatia kikikosea milimita tatu hakili picha.

Rangi ndizo zinazohitaji subira. Skrini ina mwanga wake, karatasi haina, hivyo picha hutoka nyeusi kuliko ulivyoiona. Kwa takataka hili ni balaa mara mbili: kaveera nyeusi kwenye matope meusi inakuwa doa moja, na chupa angavu juu ya maji meupe inapotea. Inua mwanga wa sehemu za giza kabla ya kupeleka, kisha lipia ukurasa mmoja wa majaribio wenye vipande vya picha zote. Ukinyimwa ukurasa wa majaribio, hama duka. Maduka hayakosekani.

Kuhusu bei, fleksi hupimwa kwa mita ya mraba na karatasi kwa ukurasa, na bei hupungua kadiri idadi inavyopanda. Ukataji mara nyingi ni meza nyingine na malipo mengine, kwa hiyo uliza bei ya kazi iliyokamilika. Anayekulaki njiani na kukushika mkono ni dalali, si mchapaji, na kamisheni yake imo ndani ya bei yako. Mpite kwa heshima, panda ngazi, zungumza na mtu aliyesimama karibu na mashine. Epuka Desemba ya kalenda na kadi za harusi, wiki za mitihani ya mwisho wa muhula, na miezi ya kampeni, ambapo sura za wagombea hula foleni yote. Umeme ukikatika katikati ya chapa kubwa, mashine huacha mstari kuvuka picha. Kubalianeni mapema kwamba ukurasa wa namna hiyo unarudiwa bila malipo.

Maelezo chini ya picha yaandike nyumbani na kuyaleta kama PDF. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya 2005, ila kompyuta za Nasser Road hazijapata taarifa, na kirekebisho cha tahajia kitakugeuzia maneno. Mistari mitatu inatosha: mahali, tarehe, na kitu gani kinaonekana. Panapohusika, ongeza sheria. Chini ya picha ya kaveera, kwa mfano, andika kwamba Sheria ya Mazingira ya 2019 inakataza mifuko ya plastiki yenye unene chini ya maikroni 30. Weka Kiswahili na Kiganda kwa herufi za ukubwa wa 24 kwenda juu, watu wasome bila kuinama. Uso wa mtoto anayeokota chupa usichapwe bila ridhaa ya mzazi. Mikono yake na gunia vinasema vya kutosha.

Kitu kimoja hukipati mtaani hapo: kitambaa cha kutundikia. Tafuta lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba, ambayo ufundi wake UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2008. Rangi yake ya udongo hufanya ukingo mweupe wa picha uchomoze, na kwa Waganda lubugo ndiyo iliyofungiwa wafu tangu zamani. Picha ya ufuo wa ziwa wa Ggaba uliojaa chupa ikitundikwa juu yake haihitaji kichwa cha habari. Tumia pini nyembamba, usigundishe, ili nguo irudi kwa mwenyewe ikiwa nzima. Kama maonyesho ni ya nje, funga kamba mbili za mkonge, ya juu na ya chini, chini ya paa au veranda na ubane kurasa kwa vibanio vya mbao, viwili juu na viwili chini, maana upepo wa alasiri hupasua karatasi iliyoshikwa juu tu.

Ukipokea kazi, hesabu kurasa hapo hapo mezani, zitazame kwenye mwanga wa mlangoni badala ya taa ya dukani, na zibebe zimelala kati ya vipande viwili vya boksi. Usizikunje, kwa sababu wino wa leza hupasuka kwenye mkunjo na kuacha mstari mweupe. Fundi atazitia kwenye kaveera usipowahi kumzuia.