Rangi ya Mng'ao au Rangi Isiyong'aa kwa Gari la Zamani: Tathmini Baada ya Miaka Sita Mombasa

Kwa miaka sita sasa nimekuwa nikitunza magari mawili ya zamani hapa Mombasa, yote mawili yakiwa yamepigwa rangi upya, kila moja kwa namna yake. La kwanza ni Peugeot 504 yangu ya mwaka 1978, ambayo ina rangi ya maziwa yenye mng'ao kamili, yaani glosi. La pili ni Land Rover Series III ya mtoto wa ndugu yangu, aliyeichagulia kijani kisichong'aa, aina ambayo mafundi wetu huiita mati. Magari haya hayafungiwi bandani kusubiri maonyesho: 504 hunipeleka kazini, na Land Rover hubeba nazi na mabati kutoka Kilifi. Ninachotathmini hapa, kwa hiyo, ni jinsi rangi hizi zilivyostahimili jua, hewa ya chumvi, kunguru na kazi.

Glosi ikikauka huacha uso laini mno, hata mwanga unaoufikia huruka wote kuelekea upande mmoja kama unavyoruka kwenye kioo. Mati hutiwa unga mwembamba wa silika unaoacha vijinundu visivyoonekana kwa macho, na mwanga ukivigonga hutawanyika pande zote. Kutong'aa, basi, hakutokani na rangi yenyewe bali na umbo la uso wake. Chochote kinachoulainisha uso huo, iwe ni polishi, nta, kitambaa kinachosuguliwa kwa nguvu au kiwiko cha mtu mwenye mazoea ya kuegemea dirishani, huacha doa linalong'aa, na doa hilo halina dawa isipokuwa kupiga rangi upya. Mtu akilielewa hili kabla ya kulipa arubuni, atakuwa amejiepusha na sehemu kubwa ya majuto.

Kwa upande wa maandalizi, glosi ndiyo inayotesa. Fundi wa bodi aliyeishughulikia 504 yangu alitumia wiki tatu kunyoosha milango na madigadi kabla hata ya kufungua kopo la rangi, kwa sababu kila bonde dogo lililobaki kwenye bati lingeonekana kama wimbi mara tu kivuli cha mnazi kingepita juu yake. Alipaka filla, ile lipu ya kujazia mabonde, akasugua kwa msasa namba 80 hadi 320 uliofungwa kwenye kipande kirefu cha mbao, akapiga praima, yaani rangi ya msingi, kisha akanyunyizia vumbi jeusi la rangi ili mabonde yajitaje yenyewe wakati wa kusugua tena. Mati husitiri mengi kati ya hayo. Mlango wa kushoto wa Land Rover una bonde ambalo mtu hulihisi kwa kiganja bila kuliona kwa macho, na nakiri kwamba kwa mwenye gari la kazi hilo ni jambo la kuvutia.

Hata hivyo, usitiri huo una gharama yake kwa gari ambalo uzuri wake umo kwenye mistari. Umbo la 504 lilichorwa na Pininfarina, kampuni ya Italia ya kubuni magari, na alama yake kubwa ni ule mfuniko wa buti unaokwenda sawa kisha ukavunjika ghafla na kuteremka kuelekea bampa. Kwenye glosi, mwanga wa asubuhi husimama juu ya mkunjo huo kama uzi wa fedha, na mtu aliye mbali hulitambua gari kabla ya kuona nembo. Nimewahi kuona 504 nyingine iliyopigwa mati ya kijivu, kazi safi isiyo na kasoro ya ufundi, na nilihuzunika, kwa kuwa mkunjo ule ulikuwa umefifia na buti lote likaonekana kama sanduku. Land Rover haidhuriki hivyo, kwa sababu ubavu wake ni bapa na kona zake ni za wazi.

Jambo lililonifanya niamue ni kunguru. Anayeishi pwani anawajua kunguru hawa wa mjini, na anajua pia kwamba gari likiegeshwa chini ya mwarobaini litapakwa kinyesi chao kabla ya adhuhuri. Kinyesi hicho huchoma rangi, na bati likipata joto la jua huchoma haraka zaidi. Boneti la 504 limeunguzwa mara kadhaa. Kila mara nililisugua alama kwa msasa wa maji namba 2000, nikaendelea na 3000, kisha kompaundi, ile dawa nzito ya kusugulia rangi, na mwisho nta, na jioni hiyohiyo alama ilikuwa imetoweka. Boneti la Land Rover liliunguzwa mara moja tu, mwaka wa pili, na mpaka leo halijapona. Gereji iliyopelekewa kazi ile ilijaribu kuliondoa doa kwa kompaundi, ikaacha duara linalong'aa lenye ukubwa wa sahani. Kisha ikapiga rangi kipande hicho peke yake, na mpaka kati ya rangi mpya na ya zamani ukaonekana wazi. Hatimaye boneti zima lilipigwa upya, na ingawa kijani ni kilekile, ukavu wake haulingani na ule wa madigadi yaliyo pembeni.

Tofauti hiyo haikutokana na uzembe peke yake. Mng'ao wa rangi hupimwa kwa kifaa kinachomulika uso kwa pembe ya nyuzi 60, na kwenye mati hata mabadiliko madogo ya unene wa tabaka, ya tina (kiyeyusho cha rangi) iliyotumika, ya umbali wa bunduki ya rangi au ya unyevu wa hewa huyahamisha matokeo. Unga wa silika nao huzama chini ya kopo, kwa hiyo fundi asiyekoroga vya kutosha hupiga mlango wa kwanza kwa rangi moja na wa mwisho kwa nyingine. Njia salama ni kuchanganya kiasi cha gari zima kwa pamoja na kupiga sehemu zote katika kikao kimoja, jambo gumu kwa gereji nyingi zetu zinazofanyia kazi uani chini ya turubai. Glosi ni mpole zaidi kwa fundi. Vumbi likiangukia juu yake au rangi ikitiririka, kasoro hiyo husuguliwa baada ya kukauka. Kwenye mati, chembe moja ya vumbi ni mkaazi wa kudumu.

Sisemi kwamba mati haina mahali pake pa haki katika historia ya magari. Datsun 240Z za kiwandani zilizoshinda Safari Rally mwaka 1971, na tena mwaka 1973 mikononi mwa dereva Shekhar Mehta, zilikuwa na bodi nyekundu na boneti jeusi lisilong'aa. Boneti refu linalong'aa humrudishia dereva jua machoni, na weusi ule uliwekwa kuzuia jambo hilo. Anayetengeneza gari la aina hiyo na kulipiga boneti glosi anapoteza kitu cha kweli, na ningemshauri avumilie usumbufu wote nilioutaja. Kadhalika gari la kijeshi ambalo kambini lilivaa rangi kavu ya kujificha. Ipo pia mati nusu, yenye mng'ao hafifu, ambayo ndiyo sahihi kwa sehemu nyingi nyeusi za magari ya miaka ya 1970, kama vile vipande vya grili na vishikio vya chini ya boneti. Hizo hazipaswi kumeremeta kamwe.

Upo upande mmoja ambao glosi yenyewe hukosewa, nao unaniuma zaidi kwa sababu hufanywa na watu wanaolipenda gari. Magari mengi ya enzi hizo yenye rangi moja isiyo na chembe za metali yalipigwa rangi iliyong'aa yenyewe, bila tabaka la klia, yaani vanishi angavu isiyo na rangi, juu. Leo gereji nyingi hupiga rangi ya chini kisha klia mbili au tatu nzito, na gari hutoka likiwa na sura ya plastiki iliyolowa maji, mng'ao ambao halikuwahi kuwa nao siku lilipotoka kiwandani. Kwa 504 nilisisitiza itumike rangi ya kuchanganywa na hadina, yaani dawa ya kuigandisha, ile wanayoiita 2K, ipigwe moja kwa moja bila klia, kisha isuguliwe na kupolishiwa kwa mkono. Sikuchagua rangi ya selulosi ya kizamani, ijapokuwa mng'ao wake ni wa kina, kwa sababu kwenye unyevu wa pwani hupata ukungu mweupe inapokauka. Kwa atakayefuata njia yangu, naomba jambo moja kwa dhati: hadina ya 2K ina isosianeti, kemikali inayoweza kumsababishia fundi pumu ya maisha, na kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chochote. Hakikisha fundi wako ana barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira, hata kama itabidi uchangie gharama ya kuikodi.

Utunzaji wa kila wiki hautofautiani sana mpaka pale unaposahau. Glosi huoshwa kwa sabuni ya magari na kupakwa nta kila baada ya miezi michache. Mati huoshwa kwa sabuni isiyo na nta wala silikoni, kwa kitambaa laini, bila kusugua, na vijana wa kuosha magari barabarani wanapaswa kuelezwa hivyo kila mara, kwani mazoea yao ni kumalizia kwa polishi kama heshima kwa mteja. Ndivyo mlango wa nyuma wa Land Rover ulivyopata mng'ao wake wa kwanza.

Kwa gari la zamani linaloendeshwa na kulala nje pwani, napendekeza glosi ya tabaka moja bila kusita. Mati naipendekeza tu kwa gari lililozaliwa nayo, au kwa mwenye karakana iliyofungwa na fundi atakayemrudia yuleyule. Mtoto wa ndugu yangu amekwisha kuamua: mvua za masika zikikatika, Land Rover itavuliwa rangi hadi kwenye aluminiamu, itapigwa praima ya asidi inayoshika bati la aina hiyo, kisha ile kijani iliyoiva ya kiwandani, yenye mng'ao. Bonde la mlango wa kushoto ameniachia mimi nilinyooshe.