Mguu wa Jaipur: tathmini ya mtumiaji aliyekatwa chini ya goti

Mguu wa Jaipur, mguu bandia uliobuniwa nchini India mwaka 1968 na fundi Ram Chandra Sharma akishirikiana na daktari P. K. Sethi, una wayo wa mpira unaomwezesha mtumiaji kuchuchumaa, kukaa chini na kutembea pekupeku hata penye matope. Kwetu sisi tunaoswali na kutumia choo cha kuchuchumaa, sifa hiyo ina uzito kuliko urembo wowote.

Hata hivyo, mguu wenyewe haufai kitu bila mazoezi ya viungo. Kigutu hufungwa bandeji ya kubana ili uvimbe upungue kabla ya vipimo kuchukuliwa. Mto hauwekwi chini ya goti, hata ukipunguza maumivu, kwa sababu goti lililozoea kukunjwa hukaza na kushindwa kunyooka. Na kulala kifudifudi pamoja na kuimarisha misuli ya nyonga hutangulia hatua za kwanza kati ya vyuma sambamba vya kushikilia. Mtaalamu anayeruka hatua hizi (wapo) anamharakisha mgonjwa kuelekea kwenye vidonda.

Wayo naupa alama za juu. Soketi, yaani sehemu ya juu ambamo kigutu huingia, ni suala jingine, kwani kigutu huendelea kusinyaa kwa miezi kadhaa, na soksi za ziada zinazovaliwa kwenye kigutu husaidia kwa muda tu kabla haijalazimu soketi mpya. Mkimbiaji atafute wayo wa nyuzi za kaboni. Mwenye kisukari akague ngozi kila jioni, kwa kioo ikibidi.