Apu ya ramani za marubani: nyota moja, au tuseme mbili, ngoja kwanza niwasimulie

Mambo ya rangi nzuri na kindege kinachotembea kwenye skrini sitayaongelea, mkaangalie wenyewe. Mimi nina shida na kamstari kamoja tu ka namba, kale kanakoonyesha masafa ya redio, maana hako ndiko kalitaka kututoa roho mimi na shemeji yangu.

Ilikuwa siku za karibuni hivi, masika hayajaanza. Nina leseni binafsi ya urubani tu, sifanyi biashara, rafiki yangu ana kandege kadogo ka Cessna 172 basi tukachangia mafuta, nikaondoka Dar asubuhi na shemeji kwenda Rufiji, mle ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kwa wasiojua, kule viwanja vingi ni vumbi tupu, hakuna mnara, hakuna mtu wa kukwambia shuka au subiri. Marubani wenyewe kwa wenyewe ndio wanatangaziana redioni, niko wapi, futi ngapi, natua kutokea upande gani. Kama hamko masafa yale yale basi hamjuani.

Sasa hii apu, viwanja vikiwa karibu karibu, inavisogeza vile viboksi vya maelezo visipandiane. Sawa, inapendeza. Ila kikishasogezwa hakuna hata alama ya kukuonyesha hiki ni cha kiwanja gani! Ndege inatikisika kwa joto la saa tano, jua linapiga kwenye tableti, na namba za redio za ndege zote ziko kati ya 118 na 137 kwa hiyo zinafanana kama mapacha, nikasoma boksi la jirani. Ni kama kupanda daladala yenye kibao cha Gongo la Mboto halafu unashtukia uko Mbagala.

Nikaita mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Na hapa ndipo watu hawaelewi, simu ukikosea namba atapokea mtu akwambie umekosea, lakini redio ukikosea masafa haikwambii kitu, unasikia kimya tu, na kimya kwenye kiwanja cha porini ni kawaida, maana yake hakuna mtu. Nikafurahi hata. Nikapita chini kuangalia wanyama, kulikuwa na swala pala wawili watatu wakakimbia, nikazunguka, naingia kutua, mara naona kitu kinang'aa mwisho wa pili wa uwanja. Ndege nyingine, Caravan. Na yenyewe inakuja kutua, tunatazamana uso kwa uso.

Nilivuta kulia, sijui hata nilivutaje. Shemeji alikuwa anachukua video, akauliza, "Eh, na hii ni kawaida?" Nikamwambia ndiyo.

Tulipofika chini rubani wa Caravan, mtu mzima, akaja polepole. Nikamwamkia shikamoo kepteni. Marahaba. Akanyamaza kidogo. "Kijana, ulikuwa unaongea na nani huko juu?" Bora angenitukana.

Hasira yenyewe sasa ndiyo hii. Nikaenda kwa wakala wa hiyo apu huko Posta, siwataji. Kijana wa pale hata hajainua macho kwenye simu, "Kaka, taarifa zote ziko sahihi, soma maelezo ya alama." Nimeyasoma! Nikamwambia kule Tenerife mwaka 1977 ndege mbili ziligongana uwanjani wakafa watu 583, na moja ya vitu vilivyochangia ni redio mbili kuongea kwa pamoja, ukatoka mlio ukafunika maneno. Akanijibu, "Sisi tunauza ramani kaka, historia siyo hapa." Jamani! Nilitoka nikatembea mpaka Mnazi Mmoja kwenye jua lile, gari nimeliacha Posta.

Ila nisiwe mnafiki. Ramani hizi zinabadilishwa kila siku 28 na mimi bando lilikata nikasema nitaapudeti kesho, kesho ikawa wiki mbili. Halafu redio ya pili niliiacha kwenye masafa ya Dar, ambayo ukiwa chini kule huyapati kabisa kwa sababu haya mawimbi yanaenda moja kwa moja, hayafuati mgongo wa dunia. Ningeweka pale namba ya boksi la pili ningemsikia yule mzee. Kwa hiyo hasira zikashuka, nikasema wape tatu.

Nikaapudeti. Nikafungua pale pale Rufiji. Viboksi viko vile vile! Moja.

Nikaenda kwa mwalimu aliyenifundisha kuruka, anipe ramani yake ya karatasi nikamwonyeshe yule kijana kazi inavyofanywa. Akaitoa, tukaikunjua mezani, na mkunjo umepita juu ya namba ile ile, imefutika. Mwalimu alicheka mpaka akakohoa.

Basi mbili, na siifuti, nimeshalipa mwaka mzima kwa dola. Saa hizi naandika namba kwa kalamu kwenye selotepu, nabandika juu ya redio kabla sijawasha injini. Shemeji naye ile video kaiweka status. Mnanisikia kabisa humo, sauti nzito, ufasaha wote, natangaza kwamba natua, na hakuna aliyenisikia isipokuwa yeye.