Utabiri wa TMA kwa dobi wa Magomeni: masika hii naanika kwa taarifa yao

Kwa mtu anayefua nguo za watu, Aprili ya Dar es Salaam ni mtihani. Asubuhi jua linachoma, saa sita wingu limejaa upande wa Ubungo, saa nane mvua inapiga bati, saa tisa jua limerudi na mvuke unapanda kutoka kwenye lami. Mimi nafulia uani kwangu Magomeni. Sina mashine ya kukaushia. Nina kamba, vibanio na kibanda cha bati ambacho hakitoshi hata nusu ya mzigo wa siku. Kwa hiyo huduma ninayoitegemea sawasawa na maji na sabuni ni taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA. Ni za bure, zimeandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, na inaniuma kuona mafundi, mama lishe na madobi wenzangu wanazipita kwenye simu zao bila kuzisoma.

Wengi wanaijua TMA kwa utabiri unaosomwa mwisho wa taarifa ya habari, joto la Dodoma na mawingu ya Mbeya. Huo ni sehemu tu. Kuna utabiri wa saa 24, kuna wa siku kumi, kuna wa msimu mzima ambao hutoka kabla mvua za masika hazijaanza na kueleza kama tutarajie mvua za wastani, za juu ya wastani au za chini yake. Ninaousoma kwa makini zaidi ni ule wa siku tano wa hali mbaya ya hewa. Kila siku ina ramani yake. Kama hakuna tahadhari, wanaandika hivyo. Kama ipo, inapanda kwa rangi: angalizo ni njano, tahadhari ni rangi ya chungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Chini yake wanataja mikoa inayohusika, uwezekano wa jambo kutokea, kiwango cha athari, na athari zenyewe, kama makazi kuzungukwa na maji au usafiri kuchelewa.

Uzuri wake uko kwenye hivyo vipimo viwili. Uwezekano unaweza kuwa wa wastani na athari ndogo, na hapo najua kazi inaendelea ila nijipange. Programu nyingi za simu hazinipi hilo. Kuna moja niliyoitumia masika iliyopita, inachora wingu na matone kila saa, na asilimia pembeni. Ilinionyesha mvua kutwa nzima, nikaacha mapazia ya mteja kwenye beseni, na jua likawaka mpaka magharibi. Siku nyingine ilinichorea jua saa nane na nusu, na saa hiyo hiyo tulikuwa tunakimbizana kuanua mashuka. Utabiri wake wa saa kwa saa unampa mtu uhakika ambao anga yetu ya Aprili haina.

Sababu yenyewe si siri. Kuanzia Machi, ukanda wa mvua unapanda kutoka kusini kuelekea kaskazini ukifuata jua, na unapita juu yetu. Upepo wa kaskazi unakuwa umechoka, kusi haijashika, ndio wakati wa tangambili. Unyevu unatoka Bahari ya Hindi, ardhi imepata joto, wingu linajijenga ndani ya muda mfupi na kumwaga maji mtaa mmoja. Kimara wanafunika mabegi yasilowe, Kigamboni vumbi linatimka. Mteja wangu mmoja ana binti London, anasema nao majira ya machipuko ni vigeugeu, jua na manyunyu siku moja. Lakini mvua zao nyingi huja na mifumo mikubwa inayosafiri kutoka Atlantiki, inaonekana ikija. Ya kwetu huzaliwa papo hapo juu ya vichwa vyetu, na hakuna picha ndogo ya wingu kwenye simu itakayoniambia kama ni Magomeni au Mbagala.

TMA hawadai kujua hilo. Wanasema mvua itakuwa katika maeneo machache, katika baadhi ya maeneo, au katika maeneo mengi, pamoja na vipindi vya jua. Watu wanalalamika kwamba lugha hiyo haisemi kitu. Kwangu inasema kila kitu. Ikiwa ni maeneo machache, naanika mzigo wote, jinzi zikiwemo, ila siendi sokoni. Lazima mtu mzima awepo nyumbani wa kuanua. Ikiwa baadhi ya maeneo, nafua vyepesi tu, mashati, kanga na sare za shule, vitu vinavyokauka kati ya mvua na mvua. Maeneo mengi yakitajwa, blanketi na mapazia sivipokei kabisa. Nguo nzito ikikaa mbichi siku mbili kibandani inavunda, na harufu ile haitoki kwa pasi. Unarudia kufua upya, sabuni yako, maji yako.

Na rangi ya njano ikiwa juu ya Dar es Salaam, naipigia simu gesti ninayoifulia kabla hawajanipigia wao. Wiki hii inayoanza nimeshafanya hivyo. Ramani ilikuwa safi kwa Jumatatu na Jumanne, kisha angalizo la mvua kubwa kuanzia Jumatano. Nikamwambia meneja, "Kaka, niletee mashuka yote Jumapili jioni, Jumatano sitachukua hata moja." Akakubali bila ubishi, kwa sababu ameona mwenyewe kwamba nikisema hivyo huwa nina sababu. Kuna na mzee wetu mmoja wa kanzu za Ijumaa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Ijumaa nitavaa nini mimi na mvua hizi?"

"Ilete leo hii babu, Jumanne nakukabidhi imetiwa wanga na imepigwa pasi."

Kanzu nyeupe haitaki kuharakishwa, inataka jua kamili na upepo.

Jambo jingine ninaloliheshimu ni kwamba Dar es Salaam huwa inatajwa pamoja na Pwani, Morogoro, Tanga, Unguja na Pemba. Mwanzoni unaweza kuona eneo ni pana mno. Sisi wa Magomeni tunajua faida yake. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, na mvua ikinyesha huko juu maji yanashuka Jangwani, bondeni kati yetu na Kariakoo, hata kama kwetu jua linawaka. Njia ikifungwa hapo, mzigo wa Kariakoo haufiki. Nikiona Pwani ina rangi, nguo za wateja wa ng'ambo ile nazipeleka mapema.

Kimbunga Hidaya cha mwaka 2024 kiliniongezea imani. Taarifa zilianza kutoka siku kadhaa kabla, zikirekebishwa kadiri kilivyosogea, na Jumamosi ya 4 Mei kikafika Mafia. Boti za Zanzibar zilisimamishwa. Mimi sikuwa na nguo ya mtu kwenye kamba, na vyote vya wateja vilikuwa vimekunjwa juu ya kabati.

Ninachokitamani kwao ni taarifa fupi ya asubuhi ya wilaya kwa wilaya za mkoa huu, Kinondoni, Ilala, Ubungo, Temeke na Kigamboni, kwa saa chache zijazo tu, inayokuja kwa ujumbe mfupi kwenye simu ya kitochi. Dada yangu wa Temeke anakausha dagaa na hana simu janja. Yeye hunisubiri nimsomee.

Nawapa nyota nne na nusu. Kama unaanza kuitumia, fungua ukurasa wao wenyewe badala ya picha zinazorushwa kwenye makundi, maana nimeona angalizo la mwaka juzi likizungushwa kama la leo. Tazama tarehe ya kutolewa kwanza, kisha rangi, kisha uwezekano na athari. Na uisome tena kila siku. Ramani ya Ijumaa iliyochorwa Jumapili hubadilika kabla Ijumaa haijafika, na masika hii imeshabadilika mara nyingi.