Mji Mkongwe Bagamoyo: tumelipa, guide katukimbia

Kama we ni Mbongo mwenzangu na unataka kuzunguka Mji Mkongwe wa Bagamoyo, hela ya guide usitoe hata mia mpaka amalize kazi. Sisi tulidaiwa yote mwanzoni, keshi, risiti hamna, nikasema poa tu maana nilikuwa na mamdogo wangu katoka Lushoto, hajawahi kufika huku, nikataka atembee kwa raha.

Tumefika Mtaa wa India, ndo kwanza tumesimama kwenye mlango mmoja wa nakshi, ikapaki kosta ya wazungu. Jamaa akabadilika hapohapo. Eti "nyie si wenyeji bwana, zungukeni tu, mnapajua." Mamdogo akamwambia taratibu, "mwanangu, mie wa Lushoto, huku ndo nakanyaga leo." Unajua alijibu nini? "Mama, soma kibao." Mtu mzima yule, miwani kaacha nyumbani, asome kibao! Huyo akaenda zake kwa wazungu, meno yote nje.

Ikabidi guide niwe mimi, nikawa naokoteza ya darasani, kwamba Wajerumani walifanya hapa makao makuu kabla ya kuhamia Dar 1891, kwamba mwili wa Livingstone uliletwa pale misheni 1874 ndo ukavushwa Zanzibar, na watumwa na pembe za ndovu vilishuka huku kutoka bara. Hiyo njia ya misafara iko kwenye orodha ya awali ya UNESCO, ile ya sehemu zinazosubiri kuwa urithi wa dunia, tangu 2006, na kila siku tunaambiwa utalii wa kitamaduni utaufufua huu mji. Utaufufua na nani sasa, na yule?

Mbele kidogo tukamkuta kijana anapiga lipu ya chokaa kwenye nyumba ya matumbawe. Mamdogo akamuuliza, mbona hutumii simenti? Alishuka kwenye ngazi, akatupeleka ukuta wa pili uliopigwa simenti, akaugonga na mpini wa mwiko, ukalia kama debe tupu. Akabandua kipande, ndani jiwe limelowa, limekuwa unga unga wa chumvi. "Shkamoo mama, samahani sikukuamkia," ndo akaendelea: hili jiwe la bahari lina chumvi, linataka kupumua, chokaa inaachia unyevu utoke, simenti inaufungia humohumo, nje unaona kuzuri kumbe ndani kunaoza. Akatuonyesha na boriti za mikoko juu, ipi nzima ipi imeliwa na mchwa. Nilipotoa hela akakataa.

Nilishapanga kuandika msiende kabisa. Sasa sijui, nendeni tu, ila mkamtafute fundi, ah, hapana, bado nina hasira. Nyota mbili, zote za fundi. Mamdogo anasema niongeze moja ya pweza tuliyekula kule ufukweni. Haya, tatu. Guide hana yake hata moja.