TAHADHARI: Twita za "beriliamu" za laki mbili jozi

Wakuu, hasa ninyi mnaojichongea spika nyumbani: kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp akitangaza twita (spika ndogo za sauti za juu) zenye kuba ya beriliamu, metali nyepesi na ngumu, laki mbili jozi, "mzigo wa mwisho, hela kwanza". Jina na namba anabadilisha kila akishtukiwa, kwa hiyo utambueni mzigo wenyewe: sahani nyeusi ya mbele, stika ya dhahabu yenye herufi "Be", kuba ya kijivu iliyo wazi bila wavu. Jozi moja ililetwa kwangu na mteja aliyetaka krosova (saketi inayogawa sauti kati ya spika kubwa na twita). Nimeipima. Ni alumini iliyopakwa rangi.

Bei peke yake ingetosha kuwashtua. Viwanda vinavyosafisha beriliamu duniani vinahesabika, vipo Marekani, Kazakhstan na China, na kuifanya iwe kiwambo chembamba ni shughuli nyingine kabisa. Yamaha walipotoa spika za NS-1000 mwaka 1974 ilibidi waigeuze beriliamu kuwa mvuke ndani ya ombwe (pasipo hewa), kisha mvuke huo ugande juu ya umbo la kuba. Leo wapo wanaouza twita hizi kwa wachongaji kama sisi, mfano Scan-Speak wa Denmark, au SB Acoustics ambao twita zao za Satori zinatoka Indonesia. Jozi inakula mamia ya dola, na hapo usafiri na ushuru bado. Laki mbili haikununulii hata kuba moja tupu.

Tamaa yenyewe naielewa. Sauti husafiri ndani ya beriliamu kwa zaidi ya mita 12,000 kwa sekunde, wakati alumini na titaniamu zote mbili zipo karibu na 5,000. (Ndiyo, titaniamu pia. Ni ngumu kuliko alumini lakini ni nzito zaidi, faida inaliwa na uzito. Jina tu ndilo linauza.) Maana yake kuba ya beriliamu hutembea kama kipande kimoja hadi juu sana, zaidi ya kHz 30 (mitetemo 30,000 kwa sekunde), ndipo ianze kujikunja na kupiga mlio wake yenyewe. Kuba ya alumini ya milimita 25 huanza vurugu hiyo kwenye kHz 25 hivi, na hutoa mlima mkali kwenye grafu ya kipimo cha sauti yake.

Hapo ndipo jamaa anapochezea watu. Grafu anayotuma inaishia kHz 20. Imenyooka vizuri, mteja anafurahi, ila haithibitishi chochote kwa sababu kinachotofautisha metali hizi kipo juu ya hapo. Ukimbana atakwambia upime mwenyewe kwa maiki yako ya USB, akijua maiki nyingi za namna hiyo huchukua sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde, hivyo haziwezi kuona chochote kupita nusu yake, kHz 24. Mimi nilitumia saundikadi (kifaa cha kuingiza sauti kwenye kompyuta) ya sampuli 192,000, maiki inayofika kHz 40 na programu ya kupimia sauti ya REW, ambayo ni ya bure. Mlima ukatokea kHz 26, kwenye twita zote mbili. Hiyo si beriliamu, wala haikaribii.

Mchezo wake wa pili ni video. Anagusisha sumaku kwenye kuba, haishiki, anasema "mmeona?" Sumaku haishiki alumini. Haishiki titaniamu. Haishiki hata sufuria ya ugali. Na akibanwa kabisa huanza kusema "ndani kuna mchanganyiko wa beriliamu". Mchanganyiko unaojulikana zaidi ni wa shaba yenye beriliamu asilimia 2 hivi. Unatengenezewa springi na spana za sehemu zenye gesi, na ni mzito kuliko chuma. Ukiweka kitu hicho kwenye twita umeiua.

Kama huna vifaa vya kupima, angalia kuba yenyewe. Beriliamu haibonyei, inapasuka kama gae, ndiyo maana watengenezaji wengi huikinga kwa wavu. Kwenye picha alizotuma za "yuzdi, bei ya chini zaidi" kuna kuba iliyobonyea katikati. Hiyo imejitangaza yenyewe.

Sasa sikilizeni hili kwa makini. Nimeona mtu anashauri ukwangue kwa msasa uone rangi ya ndani. USIFANYE HIVYO. Ikitokea ni beriliamu ya kweli, vumbi lake ukilivuta linaweza kukuletea ugonjwa wa mapafu usiopona. Kuba ikiwa nzima haina shida yoyote, hatari ni vumbi na vipande. Mwenye twita halisi iliyopasuka asiipulize wala asifagie: vaa glavu, nasa vipande kwa selotepu, futa kwa kitambaa kibichi, funga vyote kwenye mfuko, kisha uliza mtengenezaji pa kuipeleka.

Mliokwisha kutuma hela, msifute meseji zake. Tunzeni muamala, nendeni polisi, na namba yake iripotini kwa kutuma neno UTAPELI kwenda 15040. Akikuahidi "kukubadilishia" ukiongeza elfu hamsini, usiongeze. Yupo mtu ameongeza na twita alizopelekewa ni zilezile, stika tu ndiyo mpya.

Mwenye bajeti ya laki mbili atafute alumini inayouzwa kwa jina lake la alumini. SB Acoustics hao hao wanazo, SEAS wa Norway pia wanazo za alumini iliyochanganywa na magnesiamu, na zikipata krosova nzuri zinaimba. Na mwenye jozi anayoitilia shaka aniandikie inbox, ailete nimpimie bure. Nipo Dar.